Utafutaji wa Maneno ya Kiingereza kwa Herufi Zake: Maelezo ya Njia na Tahadhari

Mtu atakaye kujua maana ya neno hufungua kamusi, na kamusi humjibu upesi kwa sharti moja tu: awe ajua neno hilo laanzaje. Sharti hili tumelizoea mno hata hatulioni kuwa ni sharti. Hata hivyo yako maswali mengi ambayo mwulizaji hana mwanzo wa neno mkononi. Alicho nacho ni herufi chache za katikati, au za mwisho, au herufi zilizotawanyika asizojua mpango wake. Msomaji wa hati iliyoliwa na mchwa huwa na mkia wa neno bila kichwa. Mtunzi wa mashairi hutafuta kina. Mwanaisimu hutaka kuona maneno yote yenye kiambishi fulani. Na mchezaji wa mafumbo ya maneno gazetini, ambaye sisi wa vyuo vikuu twamdharau bila ya haki, huuliza kila siku maswali yayo hayo.

Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi maswali hayo yanavyojibiwa katika lugha ya Kiingereza, lugha ambayo imefanyiwa kazi hii kwa muda mrefu na kwa namna nyingi. Sikuchagua Kiingereza kwa sababu ya ubora wake. Nimekichagua kwa kuwa maendelezo yake ni magumu, na ugumu huo waonyesha wazi mahali ambapo njia hizi zaweza kumpoteza mtafiti. Mwisho nitasema machache juu ya yale yatupasayo kuyaangalia katika Kiswahili.

1. Namna sita za swali

Watu husema "maneno yenye herufi fulani" kana kwamba hilo ni swali moja. Kwa kweli ni maswali sita, na majibu yake hayafanani.

La kwanza ni la herufi zilizoshikana kwa mpango wake. Tukiuliza maneno yenye "ough", twapata "though" (ingawa), "cough" (kikohozi), "bough" (tawi kubwa) na mengineyo.

La pili ni la herufi zilizo mahali maalumu. Mwenye kujaza fumbo hujua kwamba neno lina herufi tano, ya kwanza ni "s" na ya mwisho ni "t". Atapata "saint" (mtakatifu), "shift" (sogeza), "sweet" (tamu), na itambidi kuchagua kwa maana.

La tatu ni la herufi zifuatanazo kwa mpango wake ijapokuwa zimeachana. Mfano upendwao na Waingereza ni maneno yenye irabu zote tano, kila moja mara moja tu, kwa mpango wa alfabeti: "facetious" (mwenye mzaha usio mahali pake) na "abstemious" (mwenye kujizuia katika kula na kunywa).

La nne ni la herufi zote zilizotolewa, bila ya kujali mpango, pasipo kuongeza wala kupunguza. Herufi a, e, l, s, t hutoa "least" (kidogo kabisa), "slate" (kibao cha jiwe), "stale" (iliyochina), "steal" (iba) na "tales" (hadithi).

La tano ni la herufi zote zilizotolewa pamoja na nyingine zozote. Neno "education" (elimu) lina irabu zote tano, na "sequoia" (mti mkubwa wa California) linazo katika herufi saba tu. Maneno haya mawili hujibu swali la tano kuhusu irabu, lakini hayajibu la tatu, kwa kuwa mpango wake si ule wa alfabeti.

La sita ni la herufi zilizotolewa tu, wala si nyingine, hata kama zitarudiwa. Wapiga chapa wajua kwamba neno "typewriter", yaani taipureta, laweza kuandikwa kwa vibonye vya mstari wa juu peke yake, vivyo hivyo "proprietor" (mwenye mali) na "repertoire" (hazina ya nyimbo au michezo ya msanii). Wanamuziki nao, ambao sauti zao huitwa kwa herufi a mpaka g, waweza kuandika "cabbage" (kabichi) kwa noti tupu.

Nimeyapambanua maswali haya kwa urefu kwa sababu makosa mengi ya utafiti yatokana na kuuliza la tano huku mtu akidhani ameuliza la tatu, au kuuliza la kwanza huku akitaka jibu la jambo jingine kabisa.

2. Njia za kale

Wazo la kuyapanga maneno kwa njia isiyokuwa ya mwanzo wake halikuanzia Ulaya. Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mwanazuoni wa karne ya 8 ambaye asili yake yatajwa kuwa ni Oman na aliyefundisha Basra, ndiye anayenasibishiwa kamusi ya kwanza ya Kiarabu, Kitab al-Ayn. Katika kitabu hicho shina la herufi tatu halikuwekwa peke yake. Liliwekwa pamoja na mageuzo yake yote. Herufi k, t na b, ambazo sisi twazijua katika kitabu, katibu na maktaba, zaweza kupangwa kwa njia sita: ktb, kbt, tkb, tbk, bkt, btk. Shina la herufi mbili lina mipango 2, la nne lina 24, la tano lina 120. Khalil aliipitia mipango hiyo akitenga inayotumika na isiyotumika. Kwa hiyo swali letu la nne liliulizwa juu ya lugha nzima miaka elfu moja na mia mbili iliyopita, tena likaulizwa kwa hesabu kamili, bila ya kungojea neno likumbukwe na mtu.

Wanazuoni waliomfuata walichagua mpango mwingine. Al-Jawhari, katika karne ya 10, alizipanga shina za kamusi yake kwa herufi ya mwisho, na Ibn Manzur katika karne ya 13 aliufuata mpango huo katika Lisan al-Arab. Mpango huo uliwafaa sana washairi, kwani maneno yenye kina kimoja yalikaa jirani.

Kwa Kiingereza, kazi ya namna hii ilipata jina kwa John Walker, mwigizaji wa London aliyegeuka kuwa mwalimu wa matamshi. Mwaka 1775 alitoa kamusi iliyopangwa kwa kusoma kila neno kutoka mwisho kurudi mwanzo. Maneno yote yaishiayo "-ness" yalikuwa pamoja, na yote yaishiayo "-tion" pamoja. Lakini Walker aligundua mara moja jambo ambalo Al-Jawhari hakusumbuka nalo sana: kuishia kwa herufi zile zile si kuishia kwa sauti ile ile. Ikambidi aongeze faharasa ya vina mwishoni mwa kitabu, kwa maana mpango wake wa herufi haukuwa mpango wa vina.

Faida ya kitaalamu ya orodha kinyume ilionekana baadaye. Mwaka 1904 Otto Gradenwitz alitoa orodha ya maneno ya Kilatini pamoja na sehemu iliyopangwa kutoka mwisho, na wasomaji wa maandishi yaliyochongwa kwenye mawe au kuandikwa kwenye mafunjo wakapata chombo cha kukisia maneno yaliyovunjika mwanzo. Kwa Kiingereza, A. F. Brown alisimamia orodha kubwa ya maneno, ya kawaida na ya kinyume, iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1963. Na Martin Lehnert akatoa ya kwake huko Leipzig mwaka 1971.

3. Ufunguo wa herufi

Orodha kinyume hujibu swali la mwisho wa neno. Haijibu swali la nne wala la tano. Hapo hapana budi kutumia hila nyingine, na hila yenyewe ni rahisi kueleza.

Mtu aliyepewa herufi tano akitaka kujaribu mipango yake yote atapitia mipango 120. Herufi saba zina mipango 5,040. Herufi kumi zina 3,628,800. Njia hiyo haifai. Badala ya kuzigeuza herufi za swali, tuigeuze orodha mara moja tu: kila neno tuliandikie ufunguo, yaani herufi zake zilizopangwa kwa alfabeti. "Least" lapata ufunguo aelst, na "steal" aelst, na "tales" aelst. Kisha orodha yote ipangwe kwa funguo. Maneno yenye herufi zile zile yatakusanyika yenyewe, na mwulizaji atazipanga herufi zake kwa alfabeti, atafute ufunguo mmoja, na kusoma majibu yote. Jon Bentley aliieleza njia hii katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya sanaa ya kuandika programu, nayo imekuwa mfano wa darasani tangu hapo.

Kwa swali la tano, ambapo neno laweza kuwa na herufi za ziada, ufunguo huo hautoshi, kwa kuwa herufi ngeni huingia katikati yake. Iko njia itumiayo namba tasa, yaani zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Tuseme a ni 2, e ni 3, s ni 5, t ni 7, f ni 11. Herufi a, e, s, t zikizidishwa hutoa 210, ambayo ni namba ya "east" (mashariki) na ya "seat" (kiti) pia. Neno "tease" (tania) lina e mbili, na namba yake ni 630; 630 ikigawanywa kwa 210 hutoa 3, yaani e moja ya ziada. "Feast" (karamu) ni 2,310. Ikigawanywa hutoa 11, yaani f. "Taste" (onja) ni 1,470. Ikigawanywa hutoa 7, yaani t. Neno lolote ambalo namba yake yagawanyika kwa 210 pasipo kubakiza lina herufi zote nne, na lisilogawanyika halinazo. Tena "state" (hali, au dola) lina namba ile ile 1,470, kwani ni herufi za "taste" zilizopangwa upya. Hesabu haijali mpango, nasi katika swali hili hatukuutaka mpango.

Mtu asiye na mtambo wa kompyuta atafaidika na kanuni moja ya busara: aanze na herufi iliyo adimu. Akitafuta maneno yenye e, t na q, asianze na e, ambayo imejaa kila mahali. Aanze na q. Alfred Butts, msanifu majengo wa New York aliyeubuni katika miaka ya 1930 mchezo ulioitwa baadaye Scrabble, alihesabu herufi katika magazeti ili ajue kiasi cha kuweka. Katika vipande 100 vya mchezo huo wa Kiingereza e ina vipande 12, na j, k, q, x na z kila moja ina kimoja. Msomaji wa Kiswahili ataona mara moja kwamba hesabu hiyo haihamishiki: lugha yenye ku-, ki-, ka- na -ika haiwezi kutosheka na k moja.

4. Lugha ya alama, na kosa langu mwenyewe

Siku hizi maswali mengi ya namna hii huulizwa kwa alama. Msingi wake uliwekwa na Stephen Kleene, mwanahisabati wa Marekani, katika makala yaliyochapishwa mwaka 1956. Ken Thompson alionyesha mwaka 1968 jinsi mtambo uwezavyo kuzitafuta alama hizo upesi, na mwaka 1973 programu yake iitwayo grep ilianza kutumika katika maabara za Bell. Nukta husimama mahali pa herufi yoyote moja. Nyota husema kwamba kilichotangulia chaweza kurudiwa mara nyingi au kukosekana. Mabano ya mraba hutaja herufi zinazokubaliwa. Na alama fulani ndani ya mabano hayo hutaja zilizokataliwa. Kwa alama hizo chache mtu huweza kuuliza swali la kwanza, la pili, la tatu na la sita kwa mstari mmoja.

Wepesi huo una hatari, nami nitaieleza kwa kisa kilichonipata nilipokuwa nikisomea shahada ya udaktari Ulaya. Niliulizwa katika semina juu ya herufi q katika Kiingereza. Kila mwanafunzi hufundishwa kwamba herufi hiyo hufuatwa na u, kama katika "queen" (malkia). Nilitaka kuonyesha maneno yanayoivunja kanuni hiyo, nikaiandikia kompyuta swali: nipe kila neno lenye q ikifuatwa na herufi isiyokuwa u. Majibu yalinifurahisha. Yalikuwako "qadi", ambaye kwetu ni kadhi; "faqir", ambaye kwetu ni fakiri; "qibla", ambayo kwetu ni kibla; na "qat", ambayo kwetu ni mirungi au miraa. Nikasimama mbele ya semina nikaeleza kwamba maneno haya yameingia kutoka Kiarabu, na nikaongeza, kwa kiburi cha kijana mwenye orodha ndefu, kwamba q isiyo na u hutokea mwanzoni na katikati ya neno la Kiingereza, wala haitokei mwishoni.

Mwalimu wangu akauliza kwa upole: "Na 'talaq'?"

Nilidhani orodha yangu ilikuwa na upungufu. Jioni nikaifungua, nikaliona neno "talaq" limekaa mahali pake. Orodha haikukosea. Lililokosea ni swali langu. Nilikuwa nimeuliza q inayofuatwa na herufi isiyokuwa u. Lakini q iliyo mwishoni haifuatwi na herufi yoyote, basi haikuweza kuingia katika majibu hata kama orodha ingekuwa na maneno mia ya namna hiyo. Nilipaswa kuuliza q isiyofuatwa na u. Ukanushi niliuweka penye herufi, na mahali pake palikuwa penye kufuatwa.

Nataka msomaji alipime jambo hili kwa Kiswahili, maana lugha yetu hulipambanua waziwazi. "Inafuatwa na isiyokuwa u" ni usemi mmoja. "Haifuatwi na u" ni usemi mwingine. Laiti ningaliandika swali langu kwanza kwa Kiswahili ningaliona tofauti hiyo. Na jambo lililonitia haya zaidi ni kwamba neno lililonishinda lilikuwa la nyumbani: mtoto wa pwani husikia habari za talaka kabla hajajua herufi q ni kitu gani.

Tangu siku ile, kila nipatapo majibu ya namna hii, nayajaribu kwa neno moja ambalo najua kwa hakika kuwa lapaswa kuwamo. Nikilikosa, naanza kulishuku swali kabla ya kuishuku lugha.

5. Herufi si sauti, wala si kiambishi

Tahadhari ya pili yahusu kile herufi zinachokisimamia. Tukiyakusanya maneno ya Kiingereza yenye "ough" twapata kundi moja kwa macho na makundi mengi kwa masikio. Katika "though" tamshi lakaribia ou. Katika "through" (kupitia) ni uu. Katika "cough" ni of. Katika "rough" (yenye kukwaruza) ni af. Katika "bough" ni au. Mtafiti atakaye kusema lolote juu ya sauti za Kiingereza kwa kuhesabu herufi hizi atakuwa amehesabu mazoea ya waandishi wa kale.

Zaidi ya hayo, herufi mbili zilizo jirani si lazima ziwe mali ya kitu kimoja. Kwa kawaida "th" katika Kiingereza ni alama ya sauti moja; lakini katika "pothole" (shimo la barabarani) t ni ya neno la kwanza na h ni ya neno la pili. "Sh" kwa kawaida ni sauti moja. Katika "mishap" (ajali ndogo) s na h zimekutana mpakani. "Ph" husomwa f. Katika "shepherd" (mchungaji) haisomwi hivyo. Kompyuta huona jirani wawili. Haijui kama ni ndugu au ni wapangaji.

6. Orodha ni ya nani?

Tahadhari ya tatu ndiyo kubwa. Kila jibu la "maneno yenye herufi hizi" ni jibu juu ya orodha, na orodha hutengenezwa na watu kwa kusudi fulani.

Katika miaka ya 1970 kilienea Marekani kitendawili kinachodai kwamba yako maneno matatu ya Kiingereza yaishiayo "-gry": mawili ni "angry" (mwenye hasira) na "hungry" (mwenye njaa), la tatu ni lipi? Watu waliandika barua kwa magazeti na maktaba. Jibu la kweli ni kwamba katika Kiingereza cha kila siku la tatu halipo. Lakini mwenye kufungua kamusi kubwa kabisa ataona "aggry", jina la shanga za kale za Afrika Magharibi, pamoja na maendelezo ya zamani ya maneno yaliyokwisha kutoweka. Basi je, yako mawili au zaidi? Orodha ya maneno yatumikayo yasema mawili. Orodha ya kila neno lililowahi kuandikwa yasema zaidi. Zote mbili zasema kweli, na mtu anayetaja idadi bila ya kutaja orodha hakusema kitu kinachoweza kupimwa.

Ndivyo ilivyo pia kwa "-dous". Husemwa kwamba maneno ya kawaida ya namna hiyo ni manne: "tremendous" (kubwa mno), "stupendous" (ya kustaajabisha), "horrendous" (ya kutisha) na "hazardous" (ya hatari). Akiingia mwanakemia na istilahi zake hesabu huongezeka. Mwanafunzi anayeniletea jedwali la idadi humwuliza maswali matatu: orodha ilitoka wapi, imeyaacha maneno gani kwa makusudi, na maumbo ya wingi na ya nyakati yamehesabiwa au la. Asipoweza kujibu, jedwali hurudi naye.

7. Kuhusu Kiswahili

Msomaji wa jarida hili atauliza: yatuhusu nini? Yatuhusu kwa njia tatu.

Kwanza, maendelezo ya Kiswahili sanifu yako karibu sana na matamshi, na kwa hiyo kutafuta herufi kwetu hukaribia kutafuta sauti. Lakini kukaribia si kufika. Anayetafuta h atazoa ch, sh, th, dh na gh. Anayetafuta ng atachanganya ngoma na ng'ombe; na orodha nyingi za kompyuta huiondoa ile alama ya ng' kwa kudhani ni ya uakifishaji tu, hata "ng'oa", yaani kutoa kitu ardhini na mizizi yake, hukaa kiti kimoja na "ngoa", yaani wivu au tamaa. Tena mbuni aliye ndege ana silabi mbili, na mbuni ulio mti wa kahawa una silabi tatu, kwa kuwa m yake yasimama peke yake. Mshairi ahesabuye mizani huijua tofauti hiyo; herufi haziionyeshi.

Pili, mnyambuliko wetu uko mwishoni mwa kitenzi, na viambishi vya ngeli viko mwanzoni mwa jina. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 iliviweka vitenzi vinyambulike chini ya shina, na utaratibu huo una manufaa yake. Lakini atakaye kuona vitenzi vyote vya -ika hana budi kupata orodha iliyopangwa kutoka mwisho. Akiipata, atakuta vunjika na fungika, vyenye maana ya kutendeka, vimekaa na pika, shika, fika na zika, ambavyo -ik- yake ni sehemu ya mzizi. Atakuta na "katika" mara mbili: kitenzi cha kamba iliyokatwa, na neno la mahali. Orodha itamletea mkusanyiko. Uchambuzi utabaki kuwa kazi yake. Na kwa kuwa vitenzi vingi vya asili ya Kibantu huishia a, yafaa orodha kinyume ya Kiswahili ipangwe kwa silabi, wala si kwa herufi moja moja.

Tatu, wasemaji wa Kiswahili wamecheza na jambo hili tangu zamani, wakitumia kipimo chao wenyewe. Herufi a, i, l, m hutupa maneno matano kwa njia ya ufunguo: imla, lami, lima, mali na mila. Lakini mtoto ajuaye kusema kinyume, yaani kuipeleka silabi ya mwisho mbele, atageuza mali kuwa lima na mila kuwa lami bila ya kufikiri. Na kutoka mali hatafika kamwe kwenye mila, kwa kuwa kwake ma na li ni vitu vizima visivyovunjika. Twaona hapo kwamba njia ya herufi, iliyokuzwa juu ya maandishi ya Kiingereza, huyaunganisha maneno ambayo sikio la Mswahili huyatenga.

8. Tamati

Nimeeleza namna sita za swali, njia ya orodha kinyume, ya ufunguo, ya namba tasa na ya alama. Na nimetaja tahadhari tatu: kuliangalia swali lenyewe, kukumbuka kwamba herufi si sauti, na kuijua orodha. Kazi ya kutengeneza orodha za Kiswahili za kutafutia maneno kwa silabi za mwisho na za katikati yafaa ifanywe na watu walio karibu na wasemaji. Ningependa atakayeifanya aanze kwa kuandika, katika ukurasa wa kwanza, maneno aliyoyaacha na sababu za kuyaacha; na ile ng' aiache na alama yake.